Makombo ya Mto Mara

Barabara ya Mwanza kwenda Sirari inauvuka Mto Mara pale Kirumi, mto ukiwa umekaribia kabisa kuingia Ziwa Victoria. Nilipokuwa mtoto, basi likifika darajani mjomba wangu alinigusa bega ili nitazame nje. Niliona maji mapana yenye rangi ya chai ya rangi iliyopoa, yamelala kimya kama hayana safari, na kando yake mafunjo yamesimama kama ukuta wa kijani usio na mlango. Katikati ya maji vilielea visiwa vidogo vilivyomeguka kutoka kinamasini, kimoja kikiwa na ndege juu yake, ametulia kama abiria aliyelipa nauli.

"Mjomba, vinatoka wapi vile?"

"Juu."

"Juu wapi?"

Akafikiri kidogo. "Huko kwa watu wengine."

Mjomba alivua kamongo na kambare katika kinamasi hicho maisha yake yote, na huko juu hakuwahi kufika. Lakini habari za juu alikuwa nazo. Alfajiri, kabla ya kusukuma mtumbwi, alichota maji kiganjani, akayanusa, akasema: jana imenyesha kwa Wakurya. Au: haya ni ya mbali, yana majani ndani. Au, kwa sauti nyingine kabisa: haya yametoka kwenye viboko, leo samaki hawatakaa chini. Nilidhani ni maringo ya wavuvi, maana kila mvuvi anapenda aonekane anajua jambo asilolijua mwenzake. Ilinichukua miaka mingi, na safari mbili za kuufuata mto hadi ng'ambo ya mpaka, kuelewa kwamba alikuwa anasoma.

Alichokisoma ni makombo.

Kiswahili kina maneno matatu ambayo kwa hakika ni neno moja: kijito, mto, jito. Linakonda, linanenepa, lakini shina ni lilelile. Kwa hiyo mtu anakua akiamini kwamba na kitu chenyewe ni kimoja, maji yaleyale yanayoongezeka tu kadiri yanavyoshuka, kama ndoo inayojazwa. Mimi niliamini hivyo hadi utu uzima. Sasa naona kijito cha mlimani na jito la bondeni kama nchi mbili zisizofanana hata kidogo. Wakazi ni wengine, chakula ni kingine, mwanga ni mwingine, hata namna ya kupumua ni nyingine. Kinachoziunganisha ni kwamba ya chini inakula kile ambacho ya juu haikukimaliza.

Mara huanzia kwenye kinamasi cha Enapuiyapui, juu ya safu ya Mau nchini Kenya, karibu mita 3,000 kutoka usawa wa bahari. Maji ya Mau hushuka kwa mito miwili, Amala na Nyangores, ambayo huja kuungana na kuwa Mara yenyewe. Hadi ziwani ni kilomita zipatazo 395. Nilipofika kwenye kijito kimojawapo cha msituni ilikuwa saa saba mchana, lakini chini ya miti kulikuwa na mwanga wa magharibi. Kilikuwa chembamba kiasi kwamba ningeweza kukiruka. Maji yalikuwa baridi, maangavu, na mawe yake yalinishangaza kwa kuwa matupu: hayakuwa na ule utando wa kijani unaoteleza niliouzoea. Jua halifiki pale, na pasipo jua hakuna mmea unaoweza kujipikia.

Basi kijito kinakula nini? Nikainua bonge la majani yaliyonasa kwenye mzizi. La juu lilikuwa zima, la chini yake lilikuwa na matundu, na la chini kabisa lilibaki mishipa mitupu, kama kimia kilichofumwa na fundi mwenye subira. Kazi hiyo huanzwa na kuvu, wanaolilainisha jani kama mtu anavyoloweka maharage usiku ili asubuhi yapikike. Kisha huja wararuaji. Kuna wadudu wachanga wanaokata vipande vya majani na kujijengea nyumba wanayoiburuta popote waendapo. Na yuko kaa wa mtoni, ambaye ukigeuza jiwe anakurudishia macho yake mawili na kusogea kinyumenyume bila haraka. Kwa viumbe hao kijito kile ni dunia nzima. Wahenga walisema maji ya kifuu ni bahari ya chungu, na kwa mara ya kwanza niliiona methali hiyo kwa macho, si kwa masikio.

Vitabu vya elimu ya mito viliandikwa kwanza katika nchi za baridi, na kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba wararuaji wa majani ni wachache sana katika mito ya ukanda wetu. Mwaka 2014 mtafiti Mkenya Frank Masese na wenzake walichapisha matokeo ya kazi yao katika vijito vya nyanda za juu za Kenya: wararuaji wapo, tena wa aina nyingi, na kaa ni miongoni mwao. Nilipoyasoma nilifurahi kama mtu aliyeambiwa kwamba ndugu zake waliodhaniwa kupotea wako hai. Walikuwapo siku zote, chini ya mawe, wakila.

Kivuli kile cha msitu si pambo, na ushahidi wake mkali zaidi unatoka jirani tu na bonde la Mara. Ugonjwa wa usubi, ule unaopofusha, huenezwa na inzi wadogo weusi ambao watoto wao hukulia kwenye maji yanayokimbia. Aina moja ya inzi hao, iliyowatesa watu wa Nyanza, ina tabia ya ajabu: watoto wake hujishikiza kwenye gamba la kaa wa mtoni na kukulia hapo, wakisafiri naye. Katika sehemu nyingi za Kenya inzi hao waliangamizwa kwa kutia dawa ya DDT mitoni. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1950 iliandikwa taarifa ya mahali pamoja katika Nyanza ambapo vichaka vya kingo vilifyekwa, na inzi wakatoweka. Kufungua mwanga peke yake kulitosha. Kuondoka kwa upofu ni heri isiyo na mjadala, na nisingependa mtu anisome vinginevyo. Linalonishika ni nguvu ya panga lile. Mtu hakugusa maji, hakumgusa kaa wala inzi. Alikata kivuli, na wapangaji wakahama.

Mwaka 1980 Robin Vannote na wenzake wanne, waliokuwa wakichunguza mito ya Amerika Kaskazini, walichapisha makala fupi katika jarida la Kanada la uvuvi na sayansi za maji. Wazo lao ni kwamba mto usitazamwe kama vipande, yaani hapa maporomoko, hapa dimbwi, hapa tambarare. Utazamwe kama mwendelezo mmoja kutoka chanzo hadi mlango wake. Juu, penye kivuli, chakula ni majani yanayoanguka, na wararuaji ni wengi. Katikati, mto ukishapanuka kuliko matawi ya miti, jua huingia, mawe huota utando, na wakwanguaji huchukua nafasi. Chini, kwenye kina na tope, jua hushindwa tena kufika, na wanaoishi huko huishi kwa kuchuja na kuokota chembe ndogondogo zinazoletwa na mkondo.

Hayo peke yake yangekuwa maelezo mazuri ya shuleni. Lakini ndani ya makala ile mna jambo lililonifanya niiweke chini na kutembea kidogo nje. Wanasema jamii za chini zimejipanga kuufaidi uzembe wa jamii za juu. Mraruaji anapokula jani hali lote. Anadondosha vipande, anatoa kinyesi, anaacha mishipa. Angekuwa mlaji hodari asiyepoteza chembe, walio chini yake wangekufa njaa. Kila hatua ya mto hula nusunusu, na kwa kula nusunusu inawapikia wengine. Wala hakuna anayekusudia. Kaa wa Mau hamjui kambare wa Kirumi.

Nimewahi kuona jambo kama hilo jikoni tu, kwenye shughuli za harusi. Watu wazima wakishapakuliwa pilau, watoto hulizingira sufuria na vijiko, wakagombea ukoko. Hakuna mpishi aliyeupika ukoko kwa ajili yao, na bado kila mtoto anajua utakuwepo.

Sehemu ya katikati ya mto ndiko kwenye ukoko wa namna hiyo. Utando wa kijani juu ya mawe ni mwani mdogo usioonekana mmoja mmoja kwa macho, na juu yake hupita konokono na wadudu wenye midomo kama miiko ya kukwangulia. Hapa mto hauwi tena mtoto wa kulishwa na msitu. Unajipikia wenyewe, na mchana hutoa oksijeni nyingi kuliko unavyotumia. Kwa mujibu wa Vannote na wenzake, hapa ndipo viumbe huwa wa aina nyingi zaidi, kwa kuwa hapa ndipo maji hubadilika joto zaidi kati ya mchana na usiku, na kila mwenye kupenda baridi au vuguvugu hupata saa yake ya kufanya kazi. Wazo hilo nalipenda: uhai mwingi hautoki kwenye utulivu, unatoka kwenye siku yenye vipindi.

Lakini nilipofika sehemu hiyo ya Mara, katika eneo la Bomet, sikuuona ukoko. Maji yalikuwa mekundu. Mashamba ya mahindi na viazi yameshuka hadi ukingoni, mikaratusi imepandwa mistari hadi miguu yake imo majini, punda wamebeba madumu, vijana wanaosha pikipiki zao, kina mama wanafua na kuanika nguo juu ya nyasi. Niliingiza mkono, nikagusa jiwe. Lilikuwa limevaa tope laini, na chini ya tope hapakuwa na utelezi wowote. Mwaka 2001 serikali ya Kenya ilitoa zaidi ya hekta 60,000 za msitu wa Mau ziwe makazi na mashamba, na huo si mwanzo wa ukataji wala si mwisho wake. Udongo ulioshikwa na mizizi kwa karne nyingi umepata ruhusa ya kusafiri. Mwanga uliopaswa kuingia majini baada ya mto kutoka msituni unaishia juu juu, unagonga tope na kurudi. Mto unaanza kuishi kama jito la bondeni, kwenye giza la chembe, kabla haujapita ujana wake.

Siwezi kumlaumu yule mama aliyekuwa anafua. Alinikaribisha, akanisogezea jiwe la kukalia, akaniuliza natoka wapi. Nilipomwambia natoka kule mto unakoishia, alistaajabu. "Kwani unaishia wapi?" aliuliza. "Sisi tunajua unaenda kwa Wamaasai." Nikaona kwamba na yeye ana "watu wengine" wake, walio chini, kama mjomba alivyokuwa na wake walio juu.

Na kweli unaenda kwa Wamaasai. Jina lenyewe, Mara, ni la Kimaa, na hutafsiriwa kuwa madoadoa, kwa jinsi tambarare ile ilivyotawanyika vichaka na vivuli. Mto unaingia hifadhi ya Maasai Mara, kisha unavuka mpaka na kukata kona ya kaskazini ya Serengeti. Na hapa, mahali ambapo kwa nadharia chakula kilipaswa kuwa makombo ya juu peke yake, mto unakutana na jambo ambalo nadharia ile haikulihesabu. Unaletewa chakula kutoka kando, kwa miguu.

Kiboko hushinda majini na kulala njaa hapohapo hadi jua lizame. Usiku hutoka, hupanda njia zake zilizochimbika kama mitaro, na kula nyasi kilo zipatazo 40. Alfajiri hurudi majini, na majini ndiko anakojisaidia, akipunga mkia kama feni na kutawanya kila upande. Ni mnyama anayehamisha mbuga kuipeleka mtoni, usiku baada ya usiku. Watafiti Amanda Subalusky na Christopher Dutton, waliofanya kazi miaka mingi kwenye mto huu, pamoja na wenzao walikadiria kwamba viboko zaidi ya 4,000 wa upande wa Kenya huingiza mtoni takriban tani 36 za kinyesi kila siku. Nilisimama juu ya dimbwi lao moja wakati wa kiangazi. Maji yalikuwa meusi, mazito, yakichemka kwa mapovu ya gesi, na harufu yake ilinirudisha ghafla kwenye mtumbwi wa mjomba. Haya yametoka kwenye viboko. Basi ndiyo hii.

Chini ya dimbwi kama hilo oksijeni huisha kabisa. Mwaka 2021 watafiti haohao walionyesha kwamba vijidudu vya tumboni mwa kiboko huendelea kuishi na kufanya kazi ndani ya maji hayo, kana kwamba madimbwi ni matumbo ya viboko yaliyotolewa nje na kuunganishwa kuwa tumbo moja. Mvua ikinyesha juu na mto ukajaa ghafla, dimbwi husombwa, na maji hayo yasiyo na pumzi hushuka kama pazia. Katika miaka mitatu walihesabu mafuriko 49 yaliyopunguza oksijeni ya mto, 13 kati yake kwa kiwango cha kuwahatarisha viumbe. Na katika miaka mitano waliona mara tisa samaki wamekufa. Niliposoma hesabu hizo nilimkumbuka mjomba akisema samaki hawatakaa chini. Hakuwa na kipimo cha oksijeni. Alikuwa na pua, na miaka.

Kisha kuna nyumbu. Ulimwengu mzima umeona picha za uvukaji wao, vumbi, mamba, kelele za watalii, na mara nyingi kamera huzimwa mnyama wa mwisho akishapanda ng'ambo. Hadithi ya mto huanza hapo kamera inapozimwa. Kati ya mwaka 2001 na 2015 nyumbu walizama kwa makundi katika miaka isiyopungua 13. Kwa wastani mizoga zaidi ya 6,000 hubaki mtoni kila mwaka, uzito wa tani zipatazo 1,100. Mamba hula sehemu ndogo. Tai na korongo mfuko-shingo hula na kuruka na sehemu yao kwenda kulisha makinda mbali na mto. Nyama iliyobaki huoza kwa majuma kadhaa, na katika kipindi hicho samaki hupata theluthi hadi nusu ya chakula chao kutoka kwenye mizoga. Mifupa ndiyo hukaa. Huchukua karibu miaka saba kuyeyuka, ikiachia fosforasi polepole, na juu yake huota utando ambao samaki huukwangua miezi mingi baada ya nyama kwisha.

Tazama basi jinsi mto ulivyopata njia yake: mawe yakikosekana, hata mfupa wa nyumbu ni jiwe la kuoteshea ukoko. Tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sijui mahali popote duniani ambapo mgeni huponya kwa gharama kama ile.

Si kila kitu cha savana kinaishia savana. Mwaka 2019 kundi la watafiti lililoongozwa na Mbelgiji Jonas Schoelynck lilifuatilia silika, madini yaleyale yanayofanya nyasi ikukate kidole. Nyasi huinyonya ardhini, kiboko huila nyasi, na mto huipokea alfajiri. Walipopima, walikuta zaidi ya robo tatu ya silika inayosafiri katika Mto Mara imepitia kwa viboko kwa namna moja au nyingine. Inakokwenda ni ziwani, kwa diatomu, mwani mdogo unaojijengea ganda la silika na kuwalisha viumbe walio mwanzo kabisa wa mnyororo wa chakula. Mjomba alikuwa anawachukia viboko kwa kuwa walipindua mitumbwi na kuua watu aliowajua. Alikuwa na haki. Nasikitika tu kwamba sikupata kumsimulia habari hii nyingine.

Siku hizi si kiboko peke yake anayeleta nyasi mtoni. Ng'ombe wameongezeka katika bonde zima, juu na chini ya hifadhi, na kila kundi hushuka kunywa na kuacha lake. Kwa haraka mtu anaweza kusema kinyesi ni kinyesi. Mimi naona tofauti. Kiboko hurudi kwenye madimbwi yaleyale, na mto uliishi naye kwa maelfu ya miaka hadi ukajifunza kuugua na kupona. Ng'ombe huingia kila mahali, kwenye vijito vyembamba ambavyo kwa asili vilikula majani tu, kwato zikibomoa kingo. Ni kama kumlisha mtoto mchanga chakula cha mtu mzima, sahani baada ya sahani.

Mnamo Machi 2022, upande wetu wa Tanzania, maji ya Mara yaligeuka meusi na samaki wakaelea wamekufa. Watu walikatazwa kuyatumia kwa muda. Kamati iliyoundwa na serikali ilieleza kuwa chanzo ni kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na mimea iliyooza, na maelezo hayo yalipingwa na wengi, hadi bungeni mjadala ukawa mkali. Mjomba alikuwa amekwisha fariki. Nilipiga simu nyumbani, mke wake akapokea, nikauliza hali ya maji. Akanyamaza kidogo. "Mwanangu," akasema, "angekuwepo mwenyewe angetuambia ni ya nani." Hakuna mwingine pale aliyeyanusa maji kila alfajiri kwa miaka hamsini, na kipimo cha siku moja, hata kikiwa kizuri namna gani, hakimkumbuki mto jana yake.

Kinamasi ndicho cha mwisho kabla ya ziwa. Mto unapofika hapo unapoteza umbo lake, unajipenyeza kati ya mafunjo na kutanda, na tope lote lililotoka Mau na kwingineko huanza kutua. Picha za satelaiti zinaonyesha kwamba kinamasi kimetanuka tangu miaka ya 1970. Watu husherehekea kijani kikiongezeka, lakini kijani hiki kimeota juu ya mashamba ya watu wengine, yaliyoshuka chembe kwa chembe.

Ndani ya mafunjo hakuna upepo, hakuna mwanga, na oksijeni ni kidogo mno. Kwa viumbe wengi ni jehanamu. Kwa kamongo ni nyumbani, kwa kuwa ana mapafu na hupanda juu kuvuta hewa, na ukikaa kimya mtumbwini unamsikia akipumua kama mzee aliyelala. Na kwa furu, wale samaki wadogo walioangamizwa ziwani baada ya sangara kuletwa katikati ya karne iliyopita, vinamasi vya namna hii vimekuwa kimbilio. Sangara hawezi kuvumilia hewa nyembamba kiasi kile. Mlango wa mto, mahali pale maji yanapoonekana yamechoka, ndipo ulipo mlango ambao mwindaji hawezi kuuingia.

Kuna samaki mmoja anayekwenda kinyume na kila kitu nilichokiandika hapa. Ningu huishi ziwani na kwenye milango ya mito, lakini mvua kubwa zikianza na mto ukafurika hadi nyasi za kando, hupanda. Huacha maji mapana na kuelekea juu kutaga kwenye mafuriko, kwenye majani yaliyofunikwa jana, ambako watoto wake watapata chakula ambacho hakikuwepo juzi. Zamani alikuwa samaki wa kujivunia katika mito yote ya ziwa hili. Kisha nyavu zikategwa milangoni msimu wa kupanda, zikawazoa wakiwa na mayai, na katikati ya karne ya 20 akapungua vibaya. Hajaisha.

Aprili iliyopita nilikuwa Kirumi, mvua zimeshika. Mke wa mjomba alinunua ningu wawili asubuhi, akaketi uani na kisu na beseni. Wa kwanza alikuwa amejaa mayai, akayaweka pembeni kwa uangalifu, hayatupwi. Kisha akautoa utumbo, mrefu, mwembamba, umejiviringa kama kamba ya mwaloni, akaupasua kunionyesha kwa kuwa nilimwomba. Ndani mlikuwa na uji mzito wa rangi ya kijani iliyokaribia weusi. Nilichukua kidogo kwa ncha ya kidole, nikanusa kama alivyokuwa ananusa mjomba. Kilinukia tope. Nikarudia tena, polepole, na nyuma ya tope, kwa mbali sana, ilikuwepo harufu ya nyasi.